Herufi ya Mlazo na Ugeni wa Maneno: Kutoka Matbaa za Unguja Hadi Usoke

Katika ramani nyingi za Tanzania jina la Usoke huandikwa kwa herufi zilizosimama wima, ilhali majina ya mto Ugalla na mto Malagarasi huandikwa kwa herufi zilizoinama upande wa kulia. Kuinama huko si pambo. Ni ada ya wachora ramani ya tangu zamani: mji husimama, maji hulala. Msomaji aliyekwisha kuizoea ada hiyo hatambui hata kwamba ameelezwa jambo. Jicho lake limekwisha kupambanua nchi kavu na mto kabla akili haijalisoma jina lenyewe.

Usoke ni mji mdogo wa wilaya ya Urambo, mkoa wa Tabora, kando ya reli iendayo Kigoma. Reli hiyo iliingia Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya garimoshi, nchi hiyo baina ya Unyanyembe na Urambo ilikuwa nchi ya wapagazi. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Tabora, kisha ikagawanyika: mingine ikaelekea kusini, mingine kaskazini, na mingine ikashika njia ya magharibi hadi Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pembe, nguo, ushanga na watumwa. Ilipitisha pia maneno, tena maneno hayakutozwa hongo. Kiswahili kilipanda bara na Kinyamwezi kikashuka pwani. Na kila neno lililovuka kutoka lugha moja hadi nyingine lilipofikishwa katika matbaa, mpiga chapa alilazimika kuamua: je, alisimamishe kama mwenyeji au alilaze kama mgeni?

Herufi zilizoinama huitwa kwa Kiswahili herufi za mlazo, au italiki. Zile zilizonenepeshwa kwa wino mwingi huitwa herufi za kukoza. Ziko pia zinazobeba mambo yote mawili kwa pamoja, yaani zimelazwa na zimekozwa. Hizi za mwisho ndizo zenye nguvu kupita zote katika ukurasa, na ndizo zinazotumiwa vibaya kupita zote. Ili kujua thamani yake ni lazima kwanza kujua zilikotoka.

Herufi ya mlazo haikuzaliwa kuwa mtumishi. Mwaka 1501, mjini Venice, mpiga chapa Aldus Manutius alitoa kitabu cha mashairi ya Virgil kilichopigwa chapa chote kwa herufi za namna hiyo, zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kuigiza mwandiko wa mkono wa waandishi wa zama zile. Kitabu kilikuwa kidogo, cha kushikwa mkononi. Basi mlazo ulianza kama nguo ya ushairi, na asili yake ni kalamu: mkono wa mwandishi ukienda upesi herufi huinama na kushikana. Baadaye herufi ya wima ikashika enzi katika vitabu, na ya mlazo ikabakia pembeni, ikiitwa tu panapokuwa na shughuli maalumu: kutaja jina la kitabu, kutia mkazo, au kuonyesha kwamba neno fulani si la lugha ile.

Herufi ya kukoza ni changa zaidi. Katika karne ya 19 biashara ya matangazo ilitaka herufi za kupiga kelele, na mwaka 1845 karakhana ya Robert Besley, mjini London, ilitoa herufi nene zilizoitwa Clarendon, ambazo ziliweza kukaa katika mstari mmoja pamoja na herufi za kawaida. Watunga kamusi walifurahi. Kidahizo kiliweza sasa kuonekana kwa haraka katikati ya msitu wa maelezo. Mlazo na ukozo vilikuja kuunganishwa katika herufi moja baada ya hapo, mahitaji ya kamusi, matangazo na magazeti yalipozidi.

Anayetaka kuitambua sura ya herufi hiyo na achukue ile iliyoenea sana, Times New Roman, iliyotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo tarehe 3 Oktoba 1932. Ni herufi yenye vikono, yaani vile vijimstari vidogo vinavyotokeza kwenye ncha za kila herufi mithili ya kucha. Ikilazwa, haiinamishwi tu kama mti uliopigwa na upepo. Herufi a, ambayo katika hali ya wima huwa na paa juu ya tumbo lake, hulipoteza lile paa ikabaki tumbo na mkia. Herufi f hushuka chini ya mstari. Vikono vya chini hugeuka kuwa vijimkia vya kalamu. Huo ndio mlazo wa kweli, na hutofautiana na mlazo wa bandia ambao ni herufi ya wima iliyosukumwa tu. Ikikozwa, matumbo ya a na e hubanwa na wino, nafasi nyeupe ndani yake hupungua, na neno zima huwa zito kama mpagazi aliyeinama mbele kwa uzito wa mzigo. Mtu mmoja akiwa hivyo katika msafara huonekana. Msafara mzima ukiwa hivyo, hakuna anayeonekana.

Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Silabi za lugha hii aghalabu huishia kwa irabu, na irabu a ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote. Kwa hiyo ukurasa wa Kiswahili ukilazwa hubadilika sura zaidi kuliko ukurasa wa Kiingereza, kwani ile a inayogeuka umbo imo karibu katika kila neno. Yako mengine. Katika Kiingereza herufi k ni miongoni mwa zinazotumika kwa nadra. Katika Kiswahili imo katika ki, ku, ka, kwa na katika. Mpangaji herufi aliyenunua risasi zake kwa hesabu ya Kiingereza angeishiwa na k na a kabla ya kumaliza ukurasa, huku akibakiwa na q na x asizozihitaji.

Na risasi ilikuwa ghali. Siku za kupanga herufi kwa mkono, kila umbo lilikuwa seti yake ya madini: wima, mlazo, ukozo, na mlazo wa kukoza, tena kwa kila ukubwa. Matbaa iliyotaka ukubwa mara tatu kwa maumbo yote manne ilihitaji seti kumi na mbili. Herufi ya mlazo iliyokozwa ilikuwa ya mwisho kununuliwa, maana kazi yake ni adimu. Adimu hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake.

Kisiwani Unguja matbaa zilianza mapema. Maaskofu Tozer na Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu walifika mwaka 1864, na vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kazi ya kupanga herufi za Kirumi. Mwaka 1888 likaanza kutoka Kiungani jarida la Msimulizi. Kwa upande mwingine, Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliweka matbaa ya herufi za Kiarabu iliyotoa vitabu vya elimu ya dini ya Kiibadhi. Mji mmoja ulikuwa na risasi za namna mbili, na kila namna ilikuwa na adabu yake.

Khati ya Kiarabu haina herufi kubwa na ndogo, wala haikuhitaji mlazo wa Venice. Mwandishi wa tenzi aliyetaka kutenga jambo alibadilisha wino: matini kwa wino mweusi, na mara nyingi alama za kugawa vipande kwa wino mwekundu. Aliweza kuivuta herufi ikarefuka, au kupitisha mstari juu ya neno. Hakuna njia yoyote katika hizo iliyosema kwamba neno fulani ni la kigeni. Katika hati za kale neno la Kiarabu, la Kibantu na la Kihindi huenda pamoja katika ubeti mmoja kwa wino mmoja, na yote hupimwa kwa kipimo kimoja tu: vina na mizani. Neno lililotimiza mizani lilikuwa mwenyeji.

Mfano wa kuvuka kutoka khati moja hadi nyingine ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Baba yake alikaa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliishia Unguja, akafariki huko mwaka 1905. Habari zake aliziandika kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akazihamishia katika herufi za Kirumi, nazo zikapigwa chapa Berlin katika miaka ya 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Katika khati yake mwenyewe, Unyanyembe na Unguja zilikuwa na uzito mmoja. Baada ya kuvuka, zikaingia katika nchi ya herufi kubwa na ndogo, za wima na za mlazo, mahali ambapo kila neno huulizwa kabila lake.

Wajerumani walikuwa na namna yao ya kuuliza. Vitabu vyao vingi vya wakati ule vilipigwa chapa kwa herufi za Fraktur, zile zenye pembe na mikunjo. Neno la kigeni lilipotokea katikati yake liliwekwa kwa herufi za Kirumi. Hivyo neno la Kiswahili katika kitabu cha Kijerumani lilijulikana kuwa mgeni ijapokuwa limesimama wima. Waingereza walililaza. Katika vitabu vya wasafiri wa Kiingereza walioandika habari za njia ya Tabora, maneno kama tembe, hongo, pagazi na rugaruga yalizoea kuinama, kizazi baada ya kizazi. Wenye nyumba wakawa wageni katika habari za nyumba yao.

Lakini haifai kuwalaumu wageni peke yao. Kiswahili nacho kina mlazo wake. Mwandishi wa Kiswahili alipoandika neno ntemi, kwa matamshi ya Kinyamwezi, lilikuwa neno la kulazwa. Mwenye kalamu alikuwa akisema, hili si letu, ni la watu wa bara. Siku neno hilo lilipovikwa kiambishi cha Kiswahili likawa mtemi, wingi watemi, likasimama. Wala halikusimama peke yake. Neno ikulu, ambalo katika lugha za bara, Kinyamwezi na Kisukuma zikiwamo, ni makazi ya mtemi, leo ni jina la nyumba ya Rais. Hakuna mhariri wa gazeti anayethubutu kulilaza. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno likishika jembe, yaani likifanya kazi ambayo hakuna jingine linaloifanya, mlazo humtoka wenyewe.

Askofu Steere alilijua jambo hili kwa njia yake. Pamoja na kazi zake za Kiswahili, alikusanya akiwa Unguja maneno ya Kinyamwezi kama kilivyosemwa Unyanyembe, yakatolewa London katika kijitabu. Unyamwezi ulikuwa umemjia kisiwani kwa miguu ya wapagazi. Mwaka 1915 kamusi ya Kinyamwezi ya Edmund Dahl, mmisionari wa Moravian katika nchi hiyo, ilitolewa Hamburg. Katika kamusi hiyo mambo yaligeuka: Kinyamwezi kilikuwa kidahizo na Kijerumani kilikuwa maelezo. Ndiyo fadhila ya kamusi kwa lugha yoyote, kwamba huipa kiti cha mbele, hata pale wenye lugha wanapokuwa hawana matbaa.

Wakati kamusi hiyo inatoka, Tabora ilikuwa imeingia katika shida ya herufi ya namna nyingine. Vita vya 1914 vilifunga bahari, na serikali ya Kijerumani haikuweza kupata fedha kutoka Ulaya. Zikapigwa chapa humu humu nchini noti za dharura, baadhi zikiwa na majina ya Daressalam na Tabora juu yake. Mwaka 1916 Tabora ikatengeneza hata sarafu: vipande vya heller 5 na heller 20, na kipande cha dhahabu cha rupia 15 chenye picha ya tembo, dhahabu yake ikiwa imetoka Sekenke. Kila kimoja kilitiwa alama ya herufi T, yaani Tabora.

Anayeshika leo vipande viwili vya heller 20 vya mwaka ule anaweza kuona ajabu ndogo. Muhuri wa sarafu haukuwa mmoja. Katika vipande vingine, ncha za herufi L katika neno HELLER zimechongoka. Katika vingine zimejikunja. Na viko ambavyo L ya pili tu ndiyo iliyojikunja. Wakusanyaji wa sarafu huzitenga kwa alama hiyo. Tofauti yote ni ya kikono kimoja cha herufi, kidogo kuliko punje ya mtama, na ndiyo iliyobaki kuwa ushahidi wa mikono iliyochonga mihuri katika mji uliozingirwa. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, na kazi ile ikawa imekwisha.

Sarafu ilikufa, neno likabaki. Heller ilikuwa imeingizwa nchini mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja, badala ya pesa 64 za zamani. Ilidumu katika mifuko ya watu kwa miaka michache tu. Hata hivyo bara yote husema hela hadi leo, sokoni Tabora na stesheni ya Usoke, bila ya mtu kukumbuka Ujerumani. Neno lilipoteza r yake ya mwisho na L yake moja, iliyochongoka au iliyojikunja, likapata mwisho wa irabu kama maneno mengine ya nyumbani. Kulilaza leo neno hela katika sentensi ya Kiswahili kungekuwa kichekesho.

Baada ya vita mkoa huo ulipata matbaa yake ya kudumu. Kipalapala, karibu na mji wa Tabora, matbaa ya misheni ya Kikatoliki iliyojulikana kwa jina la T.M.P. ilitoa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa mbali na mkoa huo. Njia ambayo zamani ilipandisha maandishi kutoka pwani sasa iliweza kuyateremsha. Waandishi wa wakati huo walipeleka kazi zao zikiwa zimeandikwa kwa mkono au kwa taipureta. Taipureta haikuwa na mlazo wala ukozo, kwa hiyo ilikuwako lugha ya mistari baina ya mwandishi na mpangaji herufi: mstari mmoja ulionyooka chini ya neno ni kulilaza, mstari wa mawimbi ni kulikoza, na mistari yote miwili, ulionyooka na wa mawimbi, ni kulilaza na kulikoza. Kila mstari ulikuwa ombi, na mpangaji aliinuka kwenda kutafuta risasi katika kisanduku kingine. Mtu alifikiri kabla ya kuomba.

Ushairi uliutumia mlazo kwa kiasi. Kibwagizo kinacholazwa humwambia msomaji kwamba hapa sauti nyingi hupokea sauti moja. Jina la mtungaji likilazwa chini ya shairi huwa kama saini ya mkono, na hapo herufi hurudia asili yake ya kalamu. Katika tamthilia mlazo hubeba maelezo ya jukwaani, yaani yale yasiyosemwa na mhusika yeyote. Katika Biblia za Kiingereza za mapokeo ya zamani, maneno ambayo wafasiri waliyaongeza ili sentensi ikamilike, ilhali hayamo katika lugha ya asili, yalilazwa. Hiyo ni adabu kubwa ya mfasiri: kumwonyesha msomaji kwa herufi, hapa nimesema mimi, si yeye.

Kukoza ni jambo jingine. Shairi la Kiswahili lina mkazo wake ndani ya maneno. Kina cha kati na kina cha mwisho hukaa mahali panapojulikana, na sikio hukingoja. Mtungaji anayekoza neno ili lisikike amekiri kwamba mizani yake haikulifikisha. Zamani uchache wa risasi ulimlinda na kosa hilo. Tangu kompyuta zilipoenea, na hasa tangu programu ya Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilipokuja na Times New Roman katika maumbo yake yote manne, ulinzi huo umeondoka. Vitufe viwili hubonyezwa, na neno huinama na kunenepa bila ya mtu kuinuka kitini. Diwani ambazo kila ubeti una maneno matatu yaliyolazwa na kukozwa zimekuwa jambo la kawaida. Msomaji hupigiwa kelele tangu ukurasa wa kwanza, na anapofika mwisho amekwisha kuwa kiziwi.

Basi herufi hiyo ina mahali pake. Inafaa katika kidahizo kidogo kilicho chini ya kidahizo kikubwa, katika kichwa cha sehemu ndogo ya sura, na katika neno moja linalozungumziwa ndani ya sentensi ambayo yenyewe tayari imekozwa. Nje ya hapo, anayeitumia na ajiulize maswali mawili. Kwa mlazo: je, neno hili ni mgeni kweli, na nani aliyesema hivyo? Kwa ukozo: je, sauti imeshindwa hadi wino uisaidie?

Swali la kwanza ndilo lenye madhara zaidi likijibiwa kwa pupa. Mhariri wa kisiwani anapolilaza neno la Kinyamwezi huku akilisimamisha la Kiarabu au la Kiingereza, amepanga watu katika safu bila ya kutamka. Njia ya Usoke inashuhudia dhidi yake. Wapagazi waliopita huko walileta maneno pamoja na pembe. Mengine yanakaa Ikulu, na mengine yamo katika vinywa vya wauza karanga stesheni wanapodai hela yao. Hayo yamekwisha kulima siku nyingi, na yanastahili kusimama.